“Nikiondoka watapumua”: siri ya mdogo wangu nimweleze nani?

“Shikamoo daktari. Mimi nina miaka 26, mdogo wangu wa kiume ana 17. Wiki mbili zilizopita nilishika simu yake nikakuta ujumbe aliomwandikia rafiki yake: ‘Nikiondoka mimi, nyumbani watapumua.’ Nikamzungukia kwa maswali ya mbali, akacheka, akasema ni utani. Juzi usiku alikuja mwenyewe chumbani kwangu akaniambia ni kweli, huwaza kufa, tangu matokeo yake ya mtihani yawe mabaya na yule binti aliyekuwa naye amwache. Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa mama. Tangu jana amechangamka ghafla, na gita lake ambalo hakutaka hata tuliguse amempa rafiki yake. Nilimuuliza shangazi kana kwamba namzungumzia mtu mwingine, akasema wanaosema hawafanyi, na kwamba kulitaja jambo hili ni kumwonyesha kijana njia. Mwingine akaniambia ni kukosa imani. Nikimwambia mama, nitakuwa nimemsaliti. Nikinyamaza, naogopa kulala. Nifanyeje?”

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijaeleza lolote nakuomba mambo matatu yafanyike leo hii, yasingoje kesho. Mdogo wako asiachwe peke yake, hata usiku. Mama yako, au mtu mzima mwingine wa karibu mnayemwamini, aambiwe. Na mdogo wako aonwe na mhudumu wa afya leo. Kama vituo vimekwisha kufungwa, nendeni hospitali yenye idara ya dharura, maana hii ni dharura kama zilivyo nyingine. Ukishayapanga hayo, rudi uendelee kusoma. Mengine yote nitakayoyasema yanaweza kusubiri saa chache.

Kilichonifanya nianze kwa haraka namna hii ni yale mambo mawili uliyoyataja mwishoni, karibu kama nyongeza: uchangamfu wa ghafla na lile gita. Mtu aliyekuwa kwenye huzuni nzito hupona polepole, leo hatua moja mbele, kesho nusu hatua nyuma. Anapong’aa kwa usiku mmoja, bila jambo lolote kubadilika maishani mwake, wakati mwingine ni kwa sababu mabishano yaliyokuwa yakimchosha kichwani yamekwisha: ameamua. Na kijana anayegawa kitu alichokipenda kuliko vyote, mara nyingine anaaga bila kutamka. Huenda nakosea. Huenda amepumua kwa sababu tu amekuambia, na gita amelichoka. Lakini nikikosea upande huu, mtakuwa mmepoteza saa kadhaa mkisubiri kwenye foleni ya hospitali. Upande wa pili sitaki tuujaribu.

Sasa tuje kwenye hofu yako ya kulitaja jambo lenyewe. Karibu kila mzazi na kila ndugu anayeketi mbele yangu huja nayo, na naielewa, kwa sababu inatokana na upendo. Hata hivyo si kweli kwamba swali hupanda wazo. Mwaka 2005 ulichapishwa Marekani utafiti uliohusisha wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari. Nusu waliulizwa waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua, nusu hawakuulizwa. Waliposailiwa tena siku mbili baadaye, walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao. Tena wale waliokuwa tayari na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, au waliowahi kujaribu kujiua, walionekana kuwa na nafuu kidogo kuliko wenzao wa hali kama hiyo ambao hawakuulizwa. Sababu yake si ngumu kuiona. Wazo hili likiwa ndani ya mtu mmoja linamla kwa aibu. Likishatamkwa na mwingine kwa sauti tulivu, kwa mara ya kwanza anaona kuna mtu anayeweza kulisikia bila kukimbia.

Kwa hiyo muulize, na uliza kwa maneno yaliyonyooka. Ukiuliza “Huna mpango wa kufanya ujinga, sivyo?” umeshamwambia jibu unalotaka, naye atakupa hilohilo. Kaa naye mahali pasipo na watu, simu ziwe mbali, umwambie: “Juzi uliniambia unawaza kufa. Nimekuwa nikilifikiria sana. Je, unawaza kujiua?” Akisema ndiyo, usishtuke kwa sauti. Endelea: “Umefikiria utafanyaje? Umefikiria lini? Kuna kitu umeshakiandaa?” Maswali haya yanatisha kuyauliza, najua. Lakini ndiyo yanayotenganisha mtu anayetamani tu asingekuwepo na mtu aliyefika ukingoni. Akiwa na njia, na siku, na kitu mkononi, msimwondokee hata kwa dakika tano mpaka awe mbele ya mtaalamu. Na hata akikana yote, bado mpelekeni leo. Lile gita linanitosha.

Niweke neno moja hapa kuhusu lugha. Katika mazungumzo yetu ya kila siku tumezoea kulitaja jambo hili kwa kutaja namna lilivyofanyika, hata pale ambapo namna yenyewe haina umuhimu wowote. Nakushauri uiache tabia hiyo unapozungumza na mdogo wako, na hata unapomsimulia mama. Sema kujiua, au kujitoa uhai. Habari zinazoeleza njia kwa undani zinajulikana kuwadhuru watu ambao tayari wako hatarini, hasa vijana.

Baada ya kuuliza, sehemu ngumu zaidi ni kunyamaza. Atakapoanza kusema, moyo wako utataka kumjibu haraka: “Lakini tunakupenda!”, “Wenzako wana shida kubwa kuliko hizo”, “Umemfikiria mama?” Hilo la mwisho ndilo linalotumika zaidi, na ndilo ninaloliogopa zaidi, nitaeleza kwa nini. Badala yake mrudishie alichokisema kwa maneno yako: “Kwa hiyo unajiona kama mzigo hapa nyumbani.” Kisha subiri. Kijana anayehisi ameeleweka huendelea kusema mpaka afike penye kiini, na mara nyingi kiini hicho hakiko pale ulipodhani.

Shangazi yako nampa heshima yake, lakini ile kauli kwamba wanaosema hawafanyi imewagharimu watu wengi. Wengi waliofariki kwa kujiua walikuwa wamemdokezea mtu kabla: kwa sentensi ya mzaha, kwa ujumbe, kwa swali la ajabu kuhusu kifo. Anayesema anaomba kitu, hata kama hajui anaomba nini. Vivyo hivyo kwa wale wanaosema kijana “anatafuta kuonewa huruma”. Tuseme ni kweli anaitafuta. Mtoto wa miaka 17 ambaye njia pekee aliyobaki nayo ya kupata huruma ni kutaja kifo chake, huyo ni mtoto anayehitaji huruma sana.

Na imani. Nimewahudumia vijana wanaoswali na kusali kuliko mimi, wenye kujua maandiko kwa moyo, na bado wazo hili liliwaingia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua duniani, na kwamba kati ya watu wa miaka 15 hadi 29 hicho kilikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Walikuwa ni watu wa kila dini, wa kila aina ya familia. Imani inaweza kumshika mtu mkono: inampa jamaa, inampa matumaini, inampa mahali pa kwenda. Ikigeuzwa kuwa shtaka, inamwongezea aibu juu ya maumivu, naye anajificha zaidi. Kama mdogo wako ana kiongozi wa dini anayemheshimu na anayejua kusikiliza, mwende kwake pia. Iwe pamoja na hospitali, isiwe mahali pa hospitali.

Nini basi kinachoendelea ndani ya kichwa chake? Mwanasaikolojia wa Marekani Edwin Shneidman, mmoja wa walioanzisha utafiti wa jambo hili, alilieleza kwa miaka mingi kama tatizo la maumivu ya nafsi yasiyovumilika. Kwa maelezo yake, mtu huyu anatafuta maumivu yakome, na akili yake imebanwa kiasi kwamba kati ya njia zote za kuyakomesha anaona mbili tu: yaishe yote sasa hivi, au nife. Kule kubanwa ndiko kunakofanya nasaha nzuri zisimwingie. Ukimwambia kuna kurudia mtihani, kuna ufundi, kuna mwakani, anakusikia kama mtu anayesikia sauti kutoka nje ya kisima. Maneno yanafika, ngazi haioni.

Mwingine, Thomas Joiner, aliongeza mwaka 2005 maelezo ninayoyaona kila wiki kwa wagonjwa wangu. Alisema hamu ya kufa hukua pale mawazo mawili yanapokutana: “sina pangu popote” na “mimi ni mzigo kwa ninaowapenda”. Sasa rudi kwenye ule ujumbe wa mdogo wako: nyumbani watapumua. Hakuandika kwamba amewachukia. Ameshawishika kwamba kuondoka kwake ni zawadi kwenu. Ndiyo maana nilikuambia naiogopa ile sentensi ya “Umemfikiria mama?” Yeye anamfikiria mama mchana na usiku, na hesabu zake zimemwambia mama atapata nafuu. Ukimtia hatia, unamthibitishia kwamba hata huzuni yake ni usumbufu mwingine aliowaletea. Kinachofaa zaidi ni kumpa ushahidi mdogo, wa kweli, wa kila siku: kazi ya nyumbani ambayo bila yeye haiendi, swali ambalo unataka jibu lake yeye, kuketi naye bila sababu.

Umri nao una nafasi yake. Ubongo wa kijana haukomai wote kwa wakati mmoja. Sehemu zinazowasha hisia huwa na nguvu mapema, wakati sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia mkono, inaendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Kwa hiyo aibu ya kufeli au kuachwa, ambayo wewe mwenye miaka 26 ungeilia mwezi mzima kisha ukaendelea na maisha, kwake ni moto wa sasa usio na kesho. Msimdharau kwa sababu ya binti. Wakati huohuo msidhani kwamba binti na mtihani ndiyo maelezo yote. Mara chache sana kijana hufika hapo kwa sababu moja. Nyuma ya tukio linaloonekana huwa kuna vingine: sonona iliyoanza miezi mingi kabla, usingizi ulioharibika, pombe au bangi, kuonewa shuleni au kwenye simu, au kutendewa na mtu mzima jambo ambalo hajawahi kulisema. Mtihani mbaya unaweza kuwa chanzo, na unaweza pia kuwa tunda la ugonjwa uliokuwepo tayari. Mtaalamu atachimba hapo.

Nikikutakia ushike jambo moja tu katika barua hii ndefu, ni hili: hatari ya namna hii hujaa na kupwa kama maji. Haikai kileleni siku zote. Watafiti nchini Austria walipowauliza watu waliokuwa wametoka kujaribu kujiua, karibu nusu walisema kati ya wazo kuwajia mara ile na kitendo zilipita dakika kumi au pungufu. Inatisha, lakini iangalie upande wa pili: kilichokaribia kumuua mtu kilikuwa na urefu wa dakika chache. Na katika ufuatiliaji uliochapishwa Marekani mwaka 1978, mtafiti Richard Seiden aliwafuatilia watu 515 waliozuiwa kwenye hatua ya mwisho kabisa. Miaka mingi baadaye, takriban asilimia 94 walikuwa bado hai au wamekufa kwa sababu za kawaida. Ule usemi kwamba aliyeamua ameamua, ukimzuia leo atafanya kesho, hausimami mbele ya watu hao 515. Ukimvusha mtu kwenye maji yakiwa yamejaa, uwezekano mkubwa ni kwamba ataishi.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo familia nyingi huliruka kwa sababu linaonekana dogo mno: kuondoa nyumbani kila kitu anachoweza kujidhurisha nacho. Dawa zote, hata zile za kawaida za maumivu na za mgonjwa mwingine, zifungiwe au zitolewe nyumbani. Kemikali za shambani na za wadudu zisikae mnapoishi. Kama kuna silaha, iondoke leo. Pombe pia, kwa kuwa inakata breki kwa mtu ambaye breki zake tayari ni dhaifu. Kama amekutajia njia aliyoifikiria, anzeni na hiyo. Watu huniambia, “Daktari, akitaka si atatafuta nyingine?” Wengi hawatafuti. Sri Lanka ilipoanza kupiga marufuku, moja baada ya nyingine, dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi, kiwango cha kujiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Hali ngumu za maisha hazikuondoka Sri Lanka. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa karibu na mkono katika zile dakika chache. Na msimfiche mdogo wako. Mwambieni, “Tumezifungia dawa kwa muda, kwa sababu siku zako mbaya zinatutisha, na tunataka zikukute salama.” Vijana huheshimu ukweli kuliko tunavyowadhania.

Sasa kiapo. Najua ndicho kinachokunyima usingizi, kwa hiyo sitakipita juujuu. Mdogo wako angeweza kukaa na siri yake. Aliinuka usiku, akavuka kwenda chumbani kwako, akaisema. Kijana anayetaka kufa kwa asilimia mia hafanyi hivyo. Kuna sehemu yake iliyotaka kuishi, nayo ndiyo iliyokubishia hodi. Aliyekuapisha ni ile sehemu yenye aibu na hofu. Huwezi kuzitii zote mbili, na mimi nakushauri uitii ile iliyobisha hodi. Ukimya utakaoushika leo unaweza kukuachia wewe jambo la kubeba maisha yako yote.

Lakini namna ya kukivunja kiapo ina uzito. Usiende kwa mama kwa mlango wa nyuma. Mwambie mdogo wako kwanza: “Nilikuahidi nitanyamaza, na niliahidi kabla sijafikiri. Siwezi kuishika ahadi hiyo, kwa sababu nakutaka hai. Leo tunamwambia mama. Unataka useme wewe nikiwa pembeni yako, au niseme mimi ukiwa pembeni yangu?” Uchaguzi huo mdogo unamrudishia kitu mkononi. Atakasirika pengine. Anaweza kukununia wiki nzima, mwezi mzima. Uvumilie. Nimewaona ndugu waliokuwa hawasemeshani kwa sababu hii, na baadaye walikuja pamoja kliniki. Kitu kimoja tu: ukimwambia haya usimwache peke yake hata kidogo mpaka mama awe amejua na mmekwisha kwenda hospitali.

Mama naye aandaliwe. Mchukue kando dakika kumi kabla, huku mtu mwingine akiwa na mdogo wako, umweleze kwamba atasikia jambo zito na kwamba machozi hayana ubaya, ila lawama na mahubiri vingoje. Sentensi ninayowapa wazazi ni fupi: “Nashukuru umesema. Hujanichosha. Tutakwenda pamoja.” Mzazi akiweza kusema hayo matatu na kukaa, ametosha kwa usiku huo. Na kama kwenu kuna mtu ambaye mnajua atamfokea au kumpiga kijana, msianze na huyo. Anzeni na mjomba, mwalimu, jirani, yeyote mwenye utulivu.

Hospitali itakuwaje? Mhudumu atamuuliza maswali yaleyale uliyomuuliza wewe, na mengine. Ombeni azungumze naye peke yake kwa muda, kwa kuwa kuna mambo kijana hayasemi mbele ya mama. Mwambieni mhudumu kila mlichokiona: ujumbe, gita, kuchangamka. Msimwachie kijana peke yake akaeleze, maana anaweza kufika pale akatabasamu na kusema yuko sawa. Kama hatari ni kubwa anaweza kulazwa kwa siku chache. Kulazwa si adhabu wala si tiba kamili. Kazi yake ni kumlinda maji yakiwa yamejaa. Baadhi ya familia huogopa kwenda kwa kuwa katika nchi kadhaa bado kuna sheria inayolifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchi nyingine zimeiondoa, Ghana kwa mfano mwaka 2023. Lakini kuwa na mawazo na kutafuta matibabu si kosa, na mtoa huduma anapaswa kutunza siri ya mgonjwa. Hofu hiyo isiwaweke nyumbani.

Baada ya hapo kuna tiba, na nitakueleza kwa uwazi inavyofanya kazi na isivyofanya. Tiba ya mazungumzo ndiyo msingi kwa umri wake, hasa zile aina zinazomfundisha kijana kuzitambua fikra zinazomdanganya na kuvumilia hisia kali bila kujidhuru. Inachukua wiki na miezi, na mshauri wa kwanza huenda asipatane naye. Hilo likitokea tafuteni mwingine, msiache. Dawa za sonona huwasaidia baadhi ya vijana, hasa sonona ikiwa nzito. Zina tahadhari yake: majaribio ya kitabibu yalionyesha kwamba kati ya vijana waliotumia dawa hizo, wapatao 4 kati ya 100 walipata mawazo au vitendo vya kujiua mwanzoni mwa matibabu, kwa kulinganisha na 2 kati ya 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna aliyekufa kwa kujiua katika majaribio hayo. Ndiyo maana wiki za kwanza za dawa, na kila dozi inapobadilishwa, kijana anatakiwa kuonwa na kuulizwa mara kwa mara. Akianza kuhangaika, kukosa usingizi kabisa au kuwaka hasira zisizo zake, mpigieni daktari siku hiyohiyo. Kuisitisha dawa ghafla bila daktari nako kuna hatari. Na dawa mtunze nyinyi, mkimpa dozi ya siku.

Ombeni pia aandikiwe mpango wa usalama. Ni karatasi moja, yenye maneno yake mwenyewe: dalili zinazomwambia kwamba siku inaharibika, mambo anayoweza kufanya peke yake kujituliza, watu na mahali pa kumwondolea mawazo, watu anaoweza kuwaambia waziwazi, wahudumu na namba za kupiga, na namna nyumba itakavyobaki salama. Nchi nyingi zina namba ya simu ya msaada kwa watu walio katika hali hii. Ulizeni hospitalini iliyopo kwenu na iandikwe humo. Mpango huu ni tofauti kabisa na kumsainisha mtoto karatasi ya “naahidi sitajiua”. Karatasi ya ahadi inamtuliza mzazi na inamfundisha kijana kuficha. Mpango unamwambia afanye nini saa nane za usiku akili ikiwa imebanwa. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2018 uliofanyika Marekani kwa askari wastaafu, walioandaliwa mpango wa namna hiyo katika idara ya dharura na kisha kupigiwa simu za ufuatiliaji, walikuwa na vitendo vya kujiua pungufu kwa takriban asilimia 45 katika miezi sita iliyofuata kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Msimsahau yule rafiki aliyeandikiwa ujumbe. Naye ni mtoto, amebeba sentensi ile wiki mbili, na sasa ana gita ambalo hajui alifanyeje. Mtu mzima amtafute, amshukuru, amwambie jambo limefika kwa wakubwa na si lake tena. Shuleni, mwalimu mmoja mnayemwamini aelezwe kiasi cha kutosha kumlinda na dhihaka na kumpunguzia mbio za masomo kwa muda. Darasa zima halihitaji kujua.

Na wewe. Umeandika kwamba unaogopa kulala. Umekuwa mlinzi wa zamu moja isiyokwisha, na hakuna mtu anayeweza kazi hiyo peke yake. Mkishamwambia mama, gawaneni usiku. Tafuta nawe mtu wa kuzungumza naye. Na nikuambie neno zito kwa upole: unaweza kufanya yote haya vizuri na bado kukawa na siku mbaya. Maisha ya mdogo wako hayakuwekwa yote mikononi mwako. Umewekewa kuuliza, kuwaita wengine, na kukaa karibu.

Jambo la mwisho ni la majuma yajayo, wakati watu watakapodhani yamekwisha. Kipindi cha hatari zaidi huwa ni siku na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali: chakula na hodi za ndugu zimepungua, maisha yale yale yako palepale, na mtu anahesabiwa kuwa amepona. Kuna daktari wa Marekani, Jerome Motto, aliyejaribu jambo dogo kwa wagonjwa 843 waliokuwa wamelazwa kisha wakakataa kuendelea na matibabu. Nusu yao aliwatumia barua fupi mara kwa mara kwa miaka mitano, zisizodai kitu: tunakukumbuka, tunatumaini uko salama, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Katika miaka miwili ya mwanzo, waliopokea barua walikufa kwa kujiua wachache kuliko wasiopokea.

Wewe una simu. Usimtumie “Uko sawa?” kila saa, atachoka, na atajifunza kujibu “sawa”. Mtumie mara moja kwa siku, baadaye mara moja kwa wiki, kwa mwaka mzima na zaidi, mstari usiomdai jibu: “Nimepita mahali nikasikia mtu anapiga gita, nikakukumbuka. Si lazima ujibu.” Akijibu, msome polepole. Asipojibu siku mbili, nenda ukamwone.